Maswali ya Wasomaji: "Mwanamke wa Kwanza" Alikuwa wa Kwanza katika Nini?

Barua za toleo hili zimetoka kwa watu wa kila aina, ila zote zimekutana pamoja kwenye wanawake waliowatangulia wenzao katika fani zao. Zilizoomba sifa tumeziweka kando. Tumechukua zinazouliza kazi yenyewe ilifanyikaje na mlango ulifunguliwaje. Maswali tumeyafupisha.

Ndugu wahariri, wanafunzi wangu wanaandaa maonyesho ya ukutani na wanagombana. Kitabu kimoja kinasema bingwa wa kwanza mwanamke wa Olimpiki ni Charlotte Cooper, kingine kinasema ni Hélène de Pourtalès. Kwenye marathoni ya Boston wengine wanamtaja Bobbi Gibb, wengine Kathrine Switzer. Nani anasema kweli? (Mwalimu wa historia, sekondari)

Wote wanasema kweli, mwalimu, ila kila kitabu kimekata sentensi kabla haijaisha. Katika michezo ya Paris ya mwaka 1900, de Pourtalès alikuwa mmoja wa wanamaji wa mashua ya matanga iitwayo Lérina, na mashua hiyo ilishinda tarehe 22 Mei. Cooper alishinda tenisi ya mchezaji mmoja mmoja tarehe 11 Julai. Kwa hiyo de Pourtalès ndiye mwanamke wa kwanza kuwa bingwa, akiwa ndani ya timu, na Cooper ndiye wa kwanza kushinda peke yake. Ukiondoa maneno "ndani ya timu" na "peke yake", ugomvi wa darasani hautaisha.

Boston ni hivyohivyo. Mwaka 1966 Gibb aliomba kushiriki, akajibiwa kwa barua kwamba mwanamke hana mwili wa kumudu umbali ule. Alijificha vichakani karibu na mstari wa kuanzia, akaingia kundini mbio zilipoanza, akamaliza kwa saa 3, dakika 21 na sekunde 40. Hakuwa na namba. Mwaka uliofuata Switzer alijiandikisha kwa jina la K. V. Switzer na kupewa namba 261. Akiwa njiani, ofisa wa mashindano alimrukia akitaka kuinyofoa namba hiyo, naye akaendelea mpaka mwisho. Wanawake waliruhusiwa rasmi mwaka 1972, na mshindi alikuwa Nina Kuscsik. Hapo wako watatu: wa kwanza kumaliza mbio, wa kwanza kumaliza akiwa na namba, na wa kwanza kushinda mashindano rasmi ya wanawake. Wabandikeni wote watatu ukutani.

Kabla mwanafunzi hajaandika "wa kwanza", mwambie ajibu mambo matano kwenye karatasi: alifanya nini hasa, katika eneo gani (dunia, bara, nchi, chuo), kwa utaratibu upi (rasmi au la, kwa kuteuliwa au kuchaguliwa, peke yake au na wenzake), tarehe gani, na nani aliyeweka kumbukumbu. Akishajibu, atafute kwa makusudi mtu aliyetangulia. Asitafute "mwanamke wa kwanza rais Afrika", maana atarudishiwa jibu lilelile. Atafute waliokaimu na walioteuliwa. Ndipo atakapomkuta Carmen Pereira, aliyekaimu urais wa Guinea-Bissau kwa siku tatu Mei 1984, na Ruth Perry, aliyeteuliwa mwaka 1996 kuongoza Baraza la Taifa la Liberia. Ellen Johnson Sirleaf, aliyeapishwa 16 Januari 2006, ni mwanamke wa kwanza *kuchaguliwa* kuwa rais katika Afrika. Uzito wa sentensi hiyo umebebwa na neno moja.

Kosa linaloharibu mabango mengi kuliko yote ni kupanua eneo. Sally Ride, aliyeruka 18 Juni 1983, ni mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda anga za juu. Duniani ni wa tatu. Mwanafunzi akinakili na kusahau "wa Marekani", bango zima linakuwa la uongo.

Jambo jingine ni kalenda. Kwa Warusi wa kabla ya 1918 mtakuta tarehe mbili. Mwanahisabati Sofia Kovalevskaya alizaliwa 3 Januari 1850 kwa kalenda ya zamani, ambayo ni 15 Januari kwa hii tunayotumia. Chagueni moja na mwiandike hivyo kila mahali.

Shikamooni. Tunafundishwa kwamba Marie Curie aligundua radiamu. Aliitoaje kwenye jiwe, na kwa nini ilichukua miaka? (Mwanafunzi wa kemia, kidato cha tano)

Marahaba, mwanetu. Kwanza tenganisha mambo mawili, kugundua na kutenga. Kugundua kulitangazwa mwaka 1898: poloniamu Julai, radiamu Desemba. Kutenga, yaani kupata radiamu kloridi safi ya kutosha kupima uzito wa atomi, kulikamilika mwaka 1902, na kiasi chenyewe kilikuwa gramu 0.1 tu.

Ugunduzi ulianzia kwenye kipimo. Marie aliweka unga wa madini juu ya bamba la chuma lenye bamba jingine juu yake. Mionzi ya madini huifanya hewa iliyo kati ya mabamba ipitishe umeme kidogo sana. Ili kuupima, alitumia kifaa walichokibuni mumewe Pierre Curie na kaka yake Pierre, Jacques: kipande chembamba cha kwatzi kinachotoa chaji ya umeme kinapovutwa na uzito. Alining'iniza uzito kwenye kwatzi polepole ili chaji yake iifute ile inayotoka kwenye madini, huku akitazama doa la mwanga la elektrometa (kipimio cha chaji ndogo za umeme) lisihame kwenye sifuri, saa ya kuhesabia sekunde ikiwa mkononi. Uzito ukigawanywa kwa muda ndio nguvu ya mionzi. Kazi hiyo inataka mkono usiotetemeka.

Vipimo vikamwonyesha kitu cha ajabu. Jiwe la urani liitwalo pichiblendi lilikuwa na nguvu mpaka mara nne ya urani yenyewe. Ungeweza kusema kifaa kimekosea. Marie akatengeneza maabarani madini mengine ya urani, kalkoliti, kwa kemikali safi. Kalkoliti ya kutengenezwa ilikuwa dhaifu kuliko ile ya ardhini. Maana yake ndani ya ile ya ardhini kuna kitu kingine. Kwa maoni yetu hatua hii ndiyo kilele cha kazi yake yote, na vitabu vingi vya shule vinairuka.

Sasa kutenga. Malighafi ilikuwa makapi ya machimbo ya Joachimsthal, yaani jiwe lililokwisha kuondolewa urani. Yalipatikana kwa tani, na hatua za mwanzo zilifanyika kiwandani chini ya usimamizi wa André Debierne, si zote katika kibanda kile maarufu walimofanyia kazi Marie na Pierre. Makapi yalikuwa na salfeti za risasi, kalsiamu na bariamu, na salfeti hizo haziyeyuki kirahisi. Kwa hiyo yalichemshwa kwa magadi makali ili salfeti zigeuke kabonati, yakaoshwa kwa maji, kisha yakayeyushwa kwa asidi ya haidrokloriki. Myeyuko ukachujwa na kutiwa asidi ya salfuriki. Bariamu ikatulia chini kama mashapo meupe, na radiamu ikashuka nayo, kwa sababu kikemia radiamu hufuata tabia za bariamu. Tani moja ya makapi ilitoa kilo 10 hadi 20 za mashapo haya ghafi, yenye nguvu mara 30 hadi 60 ya urani. Yalisafishwa tena na kugeuzwa kloridi, zikabaki kama kilo 8.

Kazi ngumu inaanzia hapa, kwani katika kilo hizo 8 karibu zote ni bariamu. Hakuna kemikali inayoishika radiamu na kuiacha bariamu, ila zinatofautiana kidogo: radiamu kloridi huyeyuka katika maji kwa shida zaidi. Basi unayeyusha kloridi katika maji yanayochemka, unaacha yapoe, fuwele zinajitokeza chini. Fuwele hizo huwa na nguvu takriban mara tano ya kilichobaki katika maji. Unazichukua, unayeyusha upya, unapoza tena. Maji yaliyobaki huyamwagi, unayaunganisha na fuwele dhaifu za duru iliyotangulia. Hivyo unakuwa na safu ya bakuli, radiamu ikisogea upande mmoja na bariamu upande wa pili, duru baada ya duru.

Miaka ikapita kwa sababu mbili. Mwanzoni vitu vilikuwa vingi mno: Marie alishughulika na hadi kilo 20 kwa mkupuo, akikoroga sufuria inayochemka kwa nondo ya chuma yenye urefu unaokaribia kimo chake, na kwa kuwa kibanda hakikuwa na bomba la kutolea mvuke, kazi zenye gesi mbaya zilifanyika uani. Mwishoni vitu vilikuwa vichache mno, na hapo vumbi la chuma na makaa lililoelea kibandani liliingia katika fuwele ndogo na kuzichafua. Alihitaji karakana kwa mwanzo na maabara safi kwa mwisho. Alipewa banda moja kwa yote mawili.

Hawakuchukua hataza ya njia yao. Uzito wa atomi alioupata ni 225, na leo tunaandika 226. Mwaka 1903 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel, ya fizikia, pamoja na Pierre na Henri Becquerel. Mwaka 1911 alipata ya kemia, akawa mtu wa kwanza, mwanamume au mwanamke, kuwa na tuzo mbili. Mwaka huohuo wa 1911 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimkataa uanachama kwa tofauti ya kura chache na kumchagua Édouard Branly.

Alifariki 4 Julai 1934 kwa ugonjwa wa uboho kushindwa kutengeneza damu. Alikuwa ameshika radiamu kwa mikono mitupu kwa miaka mingi, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia aliendesha mitambo ya eksirei bila kinga ya kutosha. Madaftari yake bado yanatoa mionzi na huhifadhiwa kwenye masanduku yenye risasi, kwani radiamu huchukua miaka 1600 kupungua kufikia nusu tu.

Mimi ni muuguzi. Nani alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa daktari, na waliomkataa walishindwaje?

Dada, tuanze kwa kurekebisha jina ambalo huenda umelisikia. Elizabeth Blackwell, aliyehitimu 23 Januari 1849 katika Geneva Medical College, jimbo la New York, ni mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari *Marekani*. Dorothea Erxleben alikuwa amepata yake katika Chuo Kikuu cha Halle, Ujerumani, mwaka 1754, baada ya mfalme Friedrich wa Pili kutoa kibali. Wanawake waliotibu bila shahada walikuwepo enzi na enzi.

Blackwell alikwisha kukataliwa na vyuo vingi. Walimu wa Geneva hawakutaka kubeba lawama, wakawasukumia wanafunzi wapige kura. Wanafunzi wakadhani ni mzaha wa chuo kingine, wakakubali kwa kauli moja. Akaja. Baada ya kuhitimu alikwenda kujifunza ukunga Paris, na huko, akimsafisha mtoto mchanga mwenye usaha machoni, maji yale yalimrukia jichoni. Akapoteza uoni wa jicho hilo, na ndoto yake ya upasuaji ikaishia hapo. Wewe unayevaa miwani ya kinga kazini unajua ajali hiyo inavyotokea haraka.

Ila ukiuliza *walishindwaje*, mfano mzuri zaidi ni Elizabeth Garrett wa Uingereza, kwa kuwa alishinda kwa kusoma kanuni. Society of Apothecaries, chama cha London kilichokuwa na haki ya kutoa leseni ya kutibu, kilikuwa na hati inayosema kitamtahini "mtu" yeyote aliyetimiza masharti. Haikusema "mwanamume". Garrett akatimiza masharti moja baada ya jingine: akafanya kazi ya uuguzi Middlesex Hospital ili aone wagonjwa, na milango ya darasa ilipofungwa akalipia masomo ya faragha kwa walimu wenye sifa, akitunza cheti cha kila somo. Chama kilipositasita, baba yake alitishia kwenda mahakamani. Mwaka 1865 akatahiniwa na kufaulu.

Mara baada ya hapo chama kilibadilisha kanuni: masomo ya faragha hayatakubaliwa tena. Na kwa kuwa vyuo vya tiba havikuwapokea wanawake, tundu alilopitia likazibwa nyuma yake. Mwaka 1873 British Medical Association ilimkubali, kisha ikapiga kura kutopokea wanawake wengine, akabaki peke yake humo kwa miaka 19. Emily Blackwell, mdogo wake Elizabeth, alikuta hivyohivyo: Geneva ilimkataa, Rush Medical College ya Chicago ikampokea kwa mwaka mmoja, ikalaumiwa na chama cha madaktari wa jimbo, ikamfungia mlango. Akamalizia Cleveland mwaka 1854.

Ndiyo maana Garrett na Sophia Jex-Blake, mwenzake aliyepigania wanawake wasomee udaktari, hawakutegemea tundu jingine. Mwaka 1874 ilianzishwa London School of Medicine for Women, na mwaka 1876 bunge likapitisha sheria inayoziruhusu taasisi zote zenye haki ya kutoa leseni kuwapa wanawake. Iliruhusu tu, haikulazimisha. Hata hivyo kuanzia hapo mwanamke aliyekataliwa sehemu moja aliweza kwenda nyingine. Unapomsoma mwanamke yeyote wa kwanza, tafuta tarehe ya wa pili. Umbali kati yao unakuambia kama alifungua mlango au alipenya tundu.

Nimesikia kwamba Valentina Tereshkova alikosea angani na nusura apotee. Ni kweli? (Msomaji anayependa habari za anga)

Kosa lilikuwepo, ila halikuwa lake. Vostok 6, chombo cha Kisovieti kilichomfanya Tereshkova kuwa mwanamke wa kwanza kwenda anga za juu, iliruka 16 Juni 1963, naye akiwa na miaka 26. Akiwa angani aligundua kwamba mpangilio wa kukielekeza chombo umewekwa kinyume: injini ya kurudi ingewashwa, chombo kingepanda kwenye njia ya juu zaidi badala ya kushuka. Injini ile huwashwa mara moja tu, kwa hiyo chombo kikitazama upande usio sahihi, mafuta yaliyokusudiwa kukupunguzia mwendo yanakuongezea. Alitoa taarifa, kituo cha ardhini kikatuma takwimu mpya, akaziingiza. Mhandisi mkuu Sergei Korolev alimwomba asiseme, akanyamaza kwa zaidi ya miaka 30. Katika kimya hicho ndipo uvumi kwamba mwanamke alishindwa kazi uliponenepa. Tungependa wanaouendeleza waache, kwa sababu hali halisi ni kinyume chake kabisa.

Watu huuliza pia kwa nini alichaguliwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo wakati marubani walikuwepo. Jibu liko kwenye namna ya kutua. Chombo cha Vostok kiligonga ardhi kwa kishindo ambacho mtu asingekivumilia, hivyo kwenye kimo cha kilomita 7 hivi kiti kilirushwa nje na abiria akashuka kwa parachuti yake mwenyewe. Kuendesha chombo kulikuwa zaidi kazi ya mitambo, lakini kushuka kwa parachuti hakukuwa na mbadala. Kwa hiyo walitafutwa wanawake waruka-parachuti wenye umri chini ya miaka 30, kimo chini ya sentimita 170 na uzito chini ya kilo 70. Tereshkova alikuwa mwanachama wa klabu ya parachuti. Walichaguliwa watano, akaruka yeye peke yake.

Aliizunguka dunia mara 48 kwa muda wa saa 70 na dakika 50, zaidi ya jumla ya saa za Wamarekani wote waliokuwa wameruka hadi siku ile. Wa pili, Svetlana Savitskaya, aliruka Agosti 1982. Pima mwenyewe: miaka 19. Mwaka 1984 Savitskaya akawa mwanamke wa kwanza kutoka nje ya chombo angani, kwa saa 3 na dakika 35.

Bessie Coleman alikufaje? (Mwanafunzi wa ufundi wa ndege)

Kwa spana iliyoachwa ndani na mkanda uliofunguliwa. Coleman, Mmarekani mweusi, alikataliwa na shule za urubani za nchini kwake, akajifunza Kifaransa, akaenda Ufaransa, na tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni ya kimataifa. Tarehe 30 Aprili 1926, huko Jacksonville, Florida, alikuwa abiria kwenye ndege aina ya Curtiss JN-4, fundi wake akiendesha. Alifungua mkanda ili achungulie chini kutafuta pa kutua kwa parachuti kwenye maonyesho ya kesho yake. Spana iliyosahauliwa ikanasa kwenye mitambo ya kuongozea, ndege ikainamisha pua na kupinduka, akatupwa nje. Fundi naye alikufa ndege ilipoanguka. Unapofunga kifuniko cha ndege, hesabu zana zako kwanza.

Je, ni halali kumwita Ada Lovelace mwanaprogramu wa kwanza? (Mwalimu wa kompyuta)

Ni halali ukisema "wa kwanza kuchapisha programu kamili". Charles Babbage, aliyebuni mashine ya kukokotoa iitwayo Mashine Changanuzi (Analytical Engine), alikuwa ameandika mifano midogo kwenye madaftari yake miaka ya 1836 na 1837. Alichokifanya Lovelace mwaka 1843 ni kutafsiri makala ya Luigi Menabrea kuhusu mashine hiyo na kuongeza maelezo marefu karibu mara tatu ya makala yenyewe. Katika maelezo ya mwisho, yaliyopewa herufi G, kuna jedwali la hatua 25 za kukokotoa namba za Bernoulli. Kila hatua inaonyesha tendo gani lifanyike, vihifadhi vipi vitumike, jibu liwekwe wapi, na thamani ipi ibadilike. Hatua ya 13 hadi ya 23 zinarudiwa, yaani kitanzi kama unachowafundisha wanafunzi wako.

Jedwali lina kosa, na darasani ni zoezi zuri. Hatua ya 1 inaweka 2n kwenye vihifadhi V4 na V5. Hatua ya 2 inapunguza moja kwenye V4, ya 3 inaongeza moja kwenye V5. Hatua ya 4 imeandikwa V5 igawanywe kwa V4, lakini fomula inataka V4 igawanywe kwa V5. Kwa n = 4 alivyoichagua yeye, inatakiwa 7/9, jedwali linatoa 9/7. Waambie wanafunzi waifuate kama ilivyochapishwa mpaka mwisho, kisha warekebishe. Jibu linalotafutwa ni ukubwa wa 1/30 wenye alama ya kutoa. Mashine haikujengwa, kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kulifumania kosa kwa kuliendesha.

Wangari Maathai alikuwa mtaalamu wa miti? (Mwanakikundi wa kitalu)

Hapana, alikuwa mtaalamu wa anatomia ya mifugo. Shahada yake ya uzamivu ya mwaka 1971, iliyomfanya mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuipata, ilihusu wanyama. Miti ilikuja kama jibu la malalamiko ya wanawake wa vijijini Kenya kuhusu kuni, maji safi na lishe. Tarehe 5 Juni 1977 walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na Green Belt Movement ikaanzia hapo.

Kitu cha kujifunza kwenye kikundi chenu ni namna walivyolipa. Ukimlipa mtu kwa mche aliopanda, atapanda mingi na kuisahau. Wao walilipa malipo madogo kwa mche *uliosalimika*, baada ya kwenda kuukagua. Hapo mpandaji anakuwa na sababu ya kumwagilia na kuuzungushia uzio mbuzi wasiufikie. La pili, walikusanya mbegu za miti ya mahali palepale, iliyozoea udongo na mvua za pale, na wakaoteshea kwenye chombo chochote kilichopatikana, hata chungu kilichopasuka. Maofisa misitu walidai kazi hiyo inataka diploma. Kufikia mwaka 2004, alipopata Nobel ya Amani akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika, miti ilikuwa imepita milioni 30.

Kwa ufupi

*Wanawake wangapi wamepata Nobel ya fizikia?* Hadi 2024, watano: Marie Curie (1903), Maria Goeppert Mayer (1963), Donna Strickland (2018), Andrea Ghez (2020) na Anne L'Huillier (2023). Kati ya wa kwanza na wa pili ni miaka 60. Goeppert Mayer alifanya kazi vyuoni bila mshahara kwa miaka mingi, na cheo cha uprofesa kamili chenye mshahara alikipata mwaka 1960, baada ya kazi iliyompa tuzo kukamilika.

*Strickland alifanya nini hasa?* Mpigo wa leza ukiwa na nguvu sana huunguza kifaa kinachoukuza. Mwaka 1985 yeye na Gérard Mourou waliupitisha kwanza kwenye uzi wa kioo wa kilomita 1.4 ili urefuke na nguvu yake isambae, wakaukuza ukiwa umerefuka, kisha wakaubana mwishoni.

*Ni kweli mwanamke wa kwanza kufika kilele cha Everest alifukiwa na theluji?* Ndiyo. Junko Tabei wa Japani alifukiwa na maporomoko usiku wa 4 Mei 1975, kambini kwenye mita 6,300, akapoteza fahamu mpaka Masherpa walipomfukua. Alifika kileleni 16 Mei. Siku 11 baadaye Phantog wa Tibet alifika kwa upande wa kaskazini.

*Natafuta kumbukumbu za wanawake hawa maktabani na siwaoni. Nakosea wapi?* Huenda unatafuta jina moja. Leseni ya mwaka 1865 iko kwa jina la Elizabeth Garrett, kwa kuwa "Anderson" lilikuja na ndoa mwaka 1871. Kovalevskaya alichapisha Ulaya kama Sophie Kowalevski. Marie Curie mtafute kwenye C na kwenye S, maana alizaliwa Maria Skłodowska na hakuliacha jina hilo. Betty Snyder, mmoja wa wanawake sita waliopanga kazi za kompyuta ya ENIAC, maandishi ya baadaye yanamtaja kama Betty Holberton. Na Wangari Maathai katika maandishi ya zamani ni Mathai, "a" moja. Ya pili aliiongeza baada ya talaka.